Mkunazi wa Dada Esha

Juzi binti yangu alitoka bafuni uso wote umepakwa kijani, mpaka kwenye nyusi, akaja kunisimamia jikoni huku anajizuia kucheka ili lile tope lisipasuke. "Mama, hebu ninuse," akasema. "Wenzangu wote wanapaka siku hizi. Dukani kwa Msomali wanaiita kasili. Inang'arisha ngozi." Akanisogezea shavu, nikamnusa. Kisha nikazima jiko, nikatoka nje bila koti, na huku kwenye baridi tunakoishi mtu hatoki nje bila koti ila nyumba inaungua.

Mimi si mtu wa kulialia. Waulizeni wanaonijua, watawaambia ulimi wangu mkali na macho yangu makavu. Lakini majani ya mkunazi, ndiyo hiyo kasili, yakishapondwa yakaguswa na maji, yana harufu ambayo sina ujanja nayo. Ni harufu ya nyasi na ya sabuni kwa pamoja, na ndani yake mna uchungu mdogo unaobaki kooni. Wenzangu mliozaliwa visiwani Chula, Ngumi na Darakasi, na nyinyi wa Kismayo mjini, hamna haja ya kuelezwa. Nyinyi wengine nivumilieni, nitawaeleza, maana nimenyamaza miaka mingi na kunyamaza hakujanisaidia chochote.

Tulikuwa watatu nyumbani kwetu Chula: Bibi, dada yangu Esha, na mimi. Mama alifariki aliponizaa, nikanyonyeshwa na jirani. Baba alikuwa baharia, akaenda Arabuni, na huko akapata mke mwingine na usahaulifu. Kwa hiyo Dada Esha ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenipiga nilipotukana watu, na mpaka namaliza kupoteza meno ya utoto nilikuwa naamini kila mtoto duniani huzaliwa na bibi yake akalelewa na dada yake.

Bibi ndiye aliyekuwa mjuzi wa majani kisiwani. Ukimwita mganga alikugombeza. "Mganga ni mchu wa kupiga bao," alisema kwa Kibajuni chake. "Mimi najua majani tu." Mtoto akitoka vipele vya joto, aliletwa kwa Bibi. Mwanamke akijifungua, Bibi ndiye aliyemkanda. Na msichana akiposwa, hata awe wa kisiwa cha mbali, Bibi alitumiwa chombo aende akamtengeneze. Nyumba yetu ilinuka vitu vyote hivyo kwa mpigo: liwa, manjano, uwatu, ubani, mvuje. Mvuje ndio uliowafukuza wageni mapema, na Bibi alisema hiyo nayo ni kazi yake mojawapo.

Alinifundisha kwa njia yake. Jina la dawa peke yake hakulitaka. "Jina hata kasuku hulishika," alisema. "Niambie kazi yake." Basi tukikaa uani kuchambua majani, yeye hutaja, mimi hujibu.

"Liwa?"

"Hupoza."

"Hupoza nini?"

"Ngozi iliyochomwa na jua, na vipele vya joto."

"Kivumbasi?"

"Hufukuza mbu. Na hufungua pua."

"Shubiri?"

"Huachisha ziwa."

"Huachisha wengine," Bibi alisema. "Wewe ulipakiwa ukailamba ukataka nyingine. Nikajua hapa nimeletewa balaa."

Na vitendo navyo vilikuwa na majina yake, na ole wako uvichanganye. Kuchua ni kwa mafuta, kwa aliyeteguka. Kukanda ni kwa maji ya moto, kwa aliyejifungua. Kusinga ni kwa mwali anayengoja harusi yake, na kusinga hakufanywi kwa haraka wala kwa mkono wenye hasira, kwa sababu ngozi husikia. Bibi akikusikia unasema "kupaka" pale panapotakiwa "kusinga", alikutazama kana kwamba umemwaga uji.

Katika vyote hivyo, mimi nilipenda mkunazi. Ulikuwa nyuma ya nyumba, una miiba na matunda madogo tuliyoyala mpaka matumbo yakauma. Majani yake ukiyaponda ukatia maji yanatoa povu, na kuponda ilikuwa kazi yangu. Bibi alikuwa akiwaosha maharusi nywele na uso kwa povu lile kabla ya kuwasinga, na walitoka wanang'aa, wananukia, wamekuwa watu wengine. Kila nilipomwona Bibi anachuma mkunazi kapu zima, nilijua kuna harusi. Siku nyingine aliondoka na kapu lake akanikataza kumfuata. "Yeo si kazi ya watoto," alisema, na mimi nilijua sababu yake bila kuambiwa: bibi harusi huwa uchi, na mtoto ana mdomo.

Ndivyo nilivyoelewa. Mkunazi ni jani la bibi harusi, basi. Hakuna aliyenisahihisha kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nimekosea.

Dada Esha aliposwa na Lali, fundi cherehani wa Kismayo, kijana mwembamba mwenye sindano ukosini mwa shati saa zote. Nguo ya harusi alikuwa anaishona mwenyewe, na watu walimcheka kwa hilo, wakasema bwana harusi gani huyu anayejua kipimo cha mkewe kabla ya ndoa. Yeye alijibu kwamba kipimo alipewa na Bibi, na wenye mawazo mabaya wakamuulize Bibi. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Dada akawekwa ndani. Kwetu mwali haoni jua wala hamwoni mwanamume mpaka siku yake, na kila siku anasingwa. Bibi alichanganya singo yenyewe siku nzima: liwa, manjano, maua ya waridi yaliyokaushwa, karafuu kidogo, na vitu vingine ambavyo hakuniambia kwa sababu, kama alivyosema, ukimpa mchu siri zote anaanza kukupa amri. Dada alilalamika inamwasha. Bibi akamwambia kinachowasha ni hamu ya kuolewa. Dada akacheka mpaka singo ikamdondoka mashavuni, na Bibi akaanza upya huku anasema wasichana wa siku hizi hawafundishiki.

Mimi niliahidiwa kubeba chetezo cha ubani siku Dada atakapotolewa, nitangulie mbele yake watu wote waniangalie. Nilikuwa nafanya mazoezi uani, nimeshika kifuu cha nazi, natembea kwa maringo mpaka kuku wakawa wananipisha. Sikuwa na jambo lingine nililolitaka ulimwenguni. Nilitaka kumwona dada yangu anatoka mlangoni.

Vita vilikuja kwanza kama habari za watu wazima. Mjini Kismayo wanauana, maduka yamevunjwa, fulani kaonekana, fulani hakuonekana. Halafu Lali akaja kisiwani bila kutarajiwa, nguo zimemchafuka, akasimama nje ya mlango wa chumba cha Dada, maana kuingia hakuruhusiwa hata dunia ikipinduka.

"Esha," akasema, "wenye bunduki wanashuka visiwani. Wameanza kule juu. Ondokeni na chombo cha kesho."

"Na wewe?" Dada akauliza kutoka ndani.

"Mama kakataa kutoka nyumbani. Ameshika nguzo ya kitanda. Narudi kumchukua, kisha nawafuata."

"Na ukichelewa?"

"Hata kwa miguu nitakuja. Ningojeni."

Bibi aliyekuwa amekaa baina yao akakohoa. "Bwana harusi, mlango huu hauna masikio, lakini mimi ninayo. Ukimaliza kumlilia mwenzio, nenda kamtoe mamako." Lali akambusu Bibi mkono, akaondoka mbio. Nikamuuliza Bibi kama harusi imevunjika. Akasema, "Haikuvunjika. Imesogezwa." Neno hilo nililishika kama nilivyoshika maneno yake yote.

Wenye bunduki walishuka kabla hatujaondoka. Sitaki kueleza waliyoyafanya. Walichukua mashine za vyombo, nyavu, dhahabu za masikioni mwa watu, na walipoondoka baadhi ya nyumba zilikuwa hazina baba. Bibi alimficha Dada nyuma ya magunia ya makuti, akampaka masizi usoni juu ya singo. Sikuwa nimepata kumwona Bibi akimharibu mtu uso kabla ya siku ile. "La kuvunda halina ubani," akasema alipokuwa anamsafisha baadaye, na alikuwa anasema juu ya nchi nzima.

Chombo kilichobaki na mashine yake kilijaa watu mpaka ubavu ukawa unaonja maji. Wengine walibeba sufuria, wengine Kurani, mmoja alibeba mlango. Bibi alibeba ungo, jiwe la kusagia liwa, na mkoba wa singo ya Dada. Jua lilipopanda, wanawake waliokuwa karibu yetu wakamwona Dada, ngozi yake bado ya manjano, wakajua. Hakuna aliyewaambia kitu. Walivua leso zao za juu, wakazishika kwa mikono wakafanya chumba, na Dada akakaa ndani ya chumba kile cha leso katikati ya bahari, haoni jua wala haonwi na wanaume. Walipokezana mikono ilipochoka. Wanawake waliokuwa wamezika waume zao jana yake walimshikia dada yangu leso. Nikiyasema haya kwa watu wa huku wanadhani natunga.

Upande wa Kenya tuliwekwa kambini, katika hema la turubai lililokuwa joto mchana kama tanuri ya mkate. Bibi akaendelea kumsinga Dada, kidogo kidogo, anakwangua mkoba kwa ukucha. Kila siku nilipoona bado anamsinga, nilijua harusi bado ipo imesogezwa tu. Ilipoisha kabisa, Bibi alitoka kutafuta majani, akazunguka vichaka vya nje ya kambi anagusa mti mmoja mmoja, anavunja jani, ananusa, analitupa. "Simjui huyu," alisema. "Na huyu hatujatambulishwa." Mbajuni mzima aliyejua kila jani la visiwa vyetu alirudi na ungo mtupu, akakaa nje ya hema akiutazama. Nilimwonea haya, kisha nikaona vibaya kwa kumwonea haya.

Alimpata mwanamke mmoja tu wa kumwelewa, Mama Zuhura, mwenyeji aliyekuwa na nyumba ya udongo karibu na lango la kambi. Huyo alikuwa na mwarobaini mkubwa, kivumbasi, na mkunazi uani kwake. Alimwambia Bibi achume wakati wowote, asibishe hodi. Bibi akarudi amefurahi mara ya kwanza tangu tuondoke. "Tumepata mkunazi," alimwambia Dada. "Lali akija tu, nakuanza upya."

Aliyekuja ni homa. Ilimshika Dada jioni, ikamtetemesha mpaka jamvi likawa linasogea. Tulimpeleka kwenye zahanati ya kambi, akapewa vidonge, akapata nafuu, ikarudi. Bibi akampiga nyungu: alichemsha mwarobaini na kivumbasi, akamfunika Dada na sufuria yake chini ya blanketi mpaka jasho likamtiririka. Mimi nilikuwa nashika pindo la blanketi mvuke usitoke.

"Nikitoka humu nitanuka mwarobaini," Dada alisema chini ya blanketi. "Lali atakimbilia Kismayo mwenyewe."

"Akikimbia, wa kwake mguu," Bibi akajibu. "Sisi tutakuwa tumeponya homa."

Lakini haikupona. Usiku tulikuwa tunamsikia anaongea na watu wasiokuwepo, anamwambia Mama yetu asikanyage nguo. Nikamuuliza Bibi, "Mwarobaini si hushusha homa?"

"Hushusha."

"Basi mbona haishuki?"

Bibi alikuwa anamkandamiza Dada kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Hakunigombeza. "Kazi ya dawa ni kazi," akasema. "Kupona ni kwa Mungu." Daktari wa zahanati alikuja hemani, akasema malaria imepanda kichwani, akamtundikia maji ya mshipani, akasema tungoje. Jirani akanichukua nikalale hemani kwake, kwa kuwa nilikuwa nasumbua watu kwa maswali.

Bibi alikuja kuniamsha asubuhi. Alikuwa ameshaoga, amevaa buibui lake zuri, na uso wake umetulia. Siku zote za homa uso wake haukuwa umetulia hata mara moja, kwa hiyo nilipomwona vile moyo wangu uliruka.

"Ndoo hapa," akasema. "Shika kapu. Nenda kwa Mama Zuhura, uombe majani ya mkunazi. Uombe mengi."

"Kapu zima?"

"Kapu zima," Bibi akasema, akageuka akaenda zake.

Sikukimbia, niliruka. Mkunazi kapu zima! Dada kapona, Dada anaanzwa upya! Nilipita katikati ya mahema nikimwambia kila niliyekutana naye: "Dada yangu anasingwa leo! Dada Esha kapona!" Mzee mmoja aliyekuwa anatawadha akaacha birika linamwagika. Mwanamke mmoja wa kwetu, aliyekuwa miongoni mwa wale walioshika leso chomboni, aliniita jina langu, kisha akaziba mdomo wake kwa mkono akaingia hemani. Nilidhani ana haraka ya kujitengeneza.

Mama Zuhura alikuwa anafagia. "Naomba majani ya mkunazi," nikamwambia. "Bibi anataka kumsinga Dada."

Akasimamisha ufagio. "Bibi kakutuma yeye mwenyewe?"

"Ndiyo. Kapu zima."

"Amesema ni ya kusinga?"

"Hakusema. Lakini mimi kazi ya mkunazi naijua."

Mama Zuhura aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akaleta kigoda, akapanda, akaanza kuchuma, na machozi yakawa yanamshuka mpaka kidevuni. Mkunazi una miiba mibaya, nikamwonea huruma. "Ukichomwa," nikamshauri, "paka liwa, itapoza." Akasema, "Ahsante mwanangu," akaendelea kuchuma mpaka kapu likajaa na kumwagika. Aliponitwika alinibusu utosini. Nilimwalika harusini.

Nje ya hema letu wanawake walikuwa wamekaa chini, wamejifunika, hawasemi. Wameshajua, nikafikiri, wamekuja kumngoja mwali. Kinu kilikuwa kimeshaletwa. Nikakaa nikaanza kuponda. Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, sikuacha kijiti hata kimoja, nilichambua kila mwiba ili usimkwaruze. Nikatia maji, povu likapanda zuri, jeupe juu na kijani chini. Basi nikapiga kigelegele.

Kwetu kigelegele hakiachwi peke yake. Mmoja akianza, mwingine hupokea, hata kama ana ugomvi nawe. Nilipiga, nikangoja. Nikapiga tena. Wanawake wote wale, na hakuna aliyenipokea. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, wenzake wakamshika.

Bibi akatoka hemani. Alichuchumaa mbele ya kinu, akatia mkono ndani ya povu, akalisugua baina ya vidole kama alivyofanya siku zote akitaka kujua kama nimeponda sawasawa.

"Umeponda vizuri," akasema.

"Kwa sababu ya Dada."

"Najua." Akatoa mkono kinuni, akaufuta. "Mwanangu, nilikuficha jambo kwa kuwa ulikuwa mdogo, na bado u mdogo. Mkunazi una kazi mbili. Bibi harusi huoshwa nao akiingia nyumba yake. Na maiti huoshwa nao akiingia yake. Siku zile nilizokukataza kunifuata, nilikuwa nakwenda kuosha maiti."

Nilisikia kila neno na sikutaka hata moja. Nikatazama mlango wa hema. "Dada kalala," nikasema.

"Esha amefariki. Alfajiri."

Nilimpiga. Sitaki kulipamba: nilimpiga Bibi yangu kwa mikono miwili iliyojaa mkunazi, kifuani, begani, popote nilipofikia, nikimwambia muongo, umenidanganya, ulisema imesogezwa. Alinijia karibu zaidi ili mikono yangu imfikie vizuri. Wanawake walitaka kuniondoa, akawazuia. Nilipochoka aliniegemeza kwake, buibui lake zuri limejaa alama za kijani za vidole vyangu.

"Mbona hukuniambia asubuhi?" nikamuuliza.

"Nilikuja kukwambia. Nilikuinamia nikitafuta neno." Akanifuta uso kwa buibui. "Maneno yote niliyonayo, mwanangu, na hilo sikuwa nalo. Nikakutuma majani."

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa lile jambo, na kila nikilielewa linaniuma upya. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila ugonjwa na kila sehemu ya mwili aliinama juu ya mtoto aliyelala, akakosa. Wakati ule sikumhurumia. Nililia tu, kwa hasira, na nilikuwa namlilia Dada na ile furaha yangu ya njiani kwa pamoja, na nadhani hiyo furaha ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilikuwa nimeitangaza kambi nzima.

Walizungushia leso nyuma ya hema, wakamuosha. Mtoto haingii, nikakaa nje. Nilisikia maji yanamwagwa taratibu, na sauti ya Bibi ikiwaelekeza wenzake chini chini: upande wa kulia kwanza, mkono uwe mwepesi, nywele zifumueni polepole, ana kichwa chepesi kuuma huyu. Ilikuwa sauti ile ile aliyokuwa akimsingia. Kisha nikasikia harufu ya karafuu maiti, nikajua wamemaliza, ingawa sikuwa nimewahi kufundishwa kazi yake. Wanaume wakaja na jeneza, wakamchukua kwenda kumzika. Wanawake hatukwenda.

Alasiri watu wakapungua. Bibi alikuwa ndani, amelala kwenye jamvi la Dada na uso wake ukutani mwa turubai. Mimi nilikaa mlangoni. Hakuna aliyekumbuka kuninawisha, mikono yangu ilikuwa bado na mkunazi uliokauka mpaka kwenye vifundo.

Ndipo nikamwona Lali. Alikuwa anakuja katikati ya njia ya kambi, amekonda, mguu mmoja una kiatu na mwingine umefungwa kitambaa, na kwapani ana furushi la nguo lililofungwa kwa karatasi. Alikuwa anauliza watu hema letu. Niliona watu wanamwelekeza kwa kidole kisha wanainamisha vichwa, na yeye anawashukuru mmoja mmoja, anaharakisha. Hakuna aliyemwambia neno.

"Shemeji!" akaniita aliponiona. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la njia lakini anacheka. "Mmenificha huku! Mama nimemwacha Kiunga kwa jamaa, mzima, ananung'unika vilevile. Hajambo mwenzangu?"

Nilimpa mkono kumwamkia kama nilivyofunzwa. Akaupokea, na harufu ikamfikia. Akasimama. Akauinua mkono wangu mpaka puani, akaunusa, na uso wake wote ukafunguka.

"Mkunazi," akasema. "Mnamsinga! Alhamdulillahi. Njia nzima nilikuwa naogopa, shemeji, usiniulize niliyokuwa naogopa. Nimewahi."

Lali alikuwa mtu mzima. Alikuwa ameshamzika babake. Kazi zote mbili za jani lile alizijua kabla yangu, na kati ya mbili alichukua ile aliyoijia kwa miguu kutoka Kismayo. Nilitazama ndani nimwite Bibi. Bibi alikuwa hajasogea. Na mimi nilikuwa nimefundishwa asubuhi ile ile.

"Hatumsingi," nikamwambia. "Tumemuosha."

Hakuniuliza mara ya pili. Alikaa chini palepale mchangani, furushi lake likamtoka kwapani, na mkono wangu hakuuachia. Akaurudisha puani, akanusa tena.